QR inayobadilika kwa kadi, menyu na mabango: ipi ununue, ipi uache

Kadi ikishatoka kwa mchapaji haibadiliki tena. Kinachoweza kubadilika ni mahali mteja anapopelekwa baada ya kuskani, na hicho ndicho kinachouzwa kwa jina la QR inayobadilika. Ndani ya msimbo wa aina hii hamna menyu yako wala orodha ya bei. Mna anwani fupi tu. Simu ikiifungua, seva inaielekeza kwenye ukurasa ulioupanga wewe. Ukitaka kubadilisha, unagusa seva, karatasi unaiacha kama ilivyo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, uliza anwani hiyo fupi ni ya nani. Picha ya QR yenyewe si bidhaa: Denso Wave ya Japani, walioibuni mwaka 1994, hawatozi ada kwa matumizi yake, na zana za kuitengeneza bure zimejaa. Unacholipia ni anwani. Kama anwani ni ya kampuni nyingine, siku watakapofunga huduma au kadi yako ya benki itakapokataa malipo, vipeperushi vyako vyote vinakufa kwa mpigo. Na wakubwa nao hufunga: Google ilizima huduma yake ya viungo, Firebase Dynamic Links, tarehe 25 Agosti 2025, viungo vyake vikaacha kufanya kazi.

Orodha hii imepangwa kwa kigezo hicho kwanza, kisha gharama, kisha urahisi.

1. Kikoa chako mwenyewe

Hili ndilo chaguo letu kwa biashara yoyote itakayochapa zaidi ya mara moja. Unasajili kikoa, yaani jina lako la mtandaoni, tuseme jinalako.co.tz au jinalako.co.ke, kisha unatengeneza QR ya kawaida kabisa yenye https://jinalako.co.tz/m. Njia hiyo ya /m unaielekeza popote.

Kama tovuti yako iko kwenye seva inayotumia programu ya Apache, mstari mmoja kwenye faili la mipangilio liitwalo .htaccess unatosha:

Redirect 302 /m https://jinalako.co.tz/menyu-ya-sasa

Kwenye WordPress, programu-jalizi ya bure iitwayo Redirection inafanya kazi hiyohiyo bila kugusa faili. Kama huna tovuti kabisa, hamishia DNS ya kikoa (mipangilio inayoonyesha kikoa kinaelekea seva ipi) kwenye huduma ya Cloudflare, weka rekodi yenye wingu la rangi ya chungwa, kisha andika kanuni ya kuelekeza. Mpango wao wa bure unairuhusu, na cheti cha HTTPS kinakuja nayo.

Angalia sana hiyo namba 302, yaani uelekezaji wa muda. Wengi huweka 301 kwa sababu ndiyo inayokuja yenyewe kwenye Redirection. 301 maana yake ukurasa umehama kwa kudumu, kwa hiyo simu ya mteja inaweza kuikumbuka na kuendelea kwenda kwenye ukurasa wa zamani hata baada ya wewe kubadilisha. Ukijaribu kwa simu mpya utaona kila kitu kiko sawa, huku mteja wako wa siku zote akiona bei za mwaka jana.

Tengeneza njia tofauti kwa kila kitu unachochapa: /k kwa kadi, /v kwa vipeperushi, /b kwa bango. Zote zinaweza kwenda ukurasa mmoja, lakini utajua bango la barabarani linaleta watu au linakula kodi bure.

Hatari ya chaguo hili ni moja: kusahau kulipia kikoa. Kisajili kwa jina lako na barua pepe yako. Kikiwa kwenye akaunti ya fundi aliyekutengenezea tovuti, bado si chako.

2. Huduma ya kulipia, ikiwa juu ya kikoa chako

Huduma kama Bitly au Uniqode zina dashibodi nzuri: unabadilisha kiungo kwa simu, unaona idadi ya walioskani, siku na miji. Inafaa kama una matawi kadhaa au wafanyakazi wanaobadilisha ofa kila wiki. Sharti ni mpango unaokuruhusu kutumia kikoa chako, kwa mfano qr.jinalako.co.tz, unaounganishwa kwa rekodi ya CNAME, yaani mstari wa DNS unaoelekeza jina moja kwenye jingine. Ukihama, rekodi hiyo unaielekeza kwingine, unaunda upya njia zilezile, na karatasi zilizoko mtaani zinaendelea kufanya kazi.

Kabla ya kulipa, pata majibu ya maandishi: msimbo unafanyaje kazi usajili ukiisha? Kuna ukomo wa kuskani kwa mwezi? Naweza kupakua orodha ya viungo vyangu vyote? Malipo huwa ya dola kwa kadi. Kadi pepe ya Visa kama M-Pesa GlobalPay ya Kenya hulipia vizuri, lakini ikikutwa haina salio siku ya kukatwa, malipo yanashindikana na huduma inasimama. Lipia mwaka mzima ukiweza.

3. QR ya kawaida inayoelekea mahali unapoweza kuhariri

Kwa duka dogo, mama lishe au fundi, hii inatosha na haina gharama. WhatsApp Business ina katalogi yenye kiungo chake, wa.me/c/ ikifuatiwa na namba yako kamili, 255 au 254 ikiwa mwanzoni. Bidhaa na bei unazibadilisha kwenye simu, kiungo kinabaki kilekile. Tengeneza QR kutokana na kiungo hicho, usichape ile iliyomo ndani ya programu: ile ina kitufe cha kuiweka upya, na mtu akikibonyeza, ya zamani inakufa.

Kwa menyu ya PDF, Google Drive inaruhusu kupakia toleo jipya juu ya faili la zamani, kiungo kisibadilike. Usifute faili na kuweka jingine. Hapo kiungo kinapotea. Punguza ukubwa wa PDF pia, maana mteja anatumia bando lake.

Udhaifu uko wazi: ukipoteza laini au akaunti, umepoteza msimbo.

4. Huduma ya kulipia juu ya anwani yao

Kwa tamasha, harusi au ofa ya mwezi mmoja, sawa. Kwa kadi za biashara au maandishi ya ukutani, hapana.

5. Majaribio ya bure

Usichape kamwe. Msimbo unatengenezwa kwa dakika moja, unafanya kazi vizuri siku unapoupima, kisha muda wa majaribio unaisha wakati vipeperushi vimeshagawiwa. Mteja anakuta ukurasa wa kukutaka ulipie. Ada unayodaiwa hapo unailipa kwa kulazimika.

QR za malipo kama TANQR ya Tanzania au KE-QR ya Kenya ni jambo jingine. Zinasomwa na programu ya malipo moja kwa moja, usizipitishe kwenye anwani fupi. Zichape peke yake, mbali na QR ya matangazo, na ukague mara kwa mara kama hakuna stika iliyobandikwa juu yake.

Kwa mchapaji

Anwani fupi inasaidia hata uchapaji. https://jinalako.co.tz/m ina herufi 24, inaingia kwenye msimbo wa miraba 25 kwa 25 wenye kiwango M cha kusahihisha makosa. Kiungo cha herufi 150 kwa kiwango hichohicho kinahitaji miraba 49 kwa 49. Kwenye kadi yenye msimbo wa sentimita 2, kila mraba unashuka kutoka milimita 0.8 hadi 0.4, na hapo wino ukitanuka kidogo tu simu inahangaika.

Kiwango M huvumilia uharibifu wa kama asilimia 15, kinatosha kwa karatasi. Stika za nje zipe Q, asilimia 25. Ukitaka nembo katikati tumia H, asilimia 30, na usiguse ile miraba mikubwa mitatu ya pembeni.

Ukubwa: gawa umbali wa msomaji kwa 10. Bango linalosomwa kutoka mita 3 linahitaji msimbo wa sentimita 30. Kadi isipungue sentimita 2. Acha nafasi nyeupe ya miraba minne pande zote. Mafundi wa usanifu hupenda kuikata ili msimbo uonekane mkubwa, na hiyo ni sababu kubwa ya kushindwa kusomwa.

Peleka faili la SVG (picha isiyopoteza ukali ikikuzwa) au PDF kwa barua pepe au flashi. Picha iliyotumwa kama picha kwenye WhatsApp hubanwa, kingo zinafifia. Omba weusi wa wino mmoja, K asilimia 100, si mchanganyiko wa rangi nne, kwani sahani za uchapaji za rangi hizo zikipishana kidogo kingo zinapata kivuli. Laminesheni iwe isiyong'aa. Ile ya kung'aa chini ya taa za mgahawa inarudisha mwanga kwenye kamera. Chini ya msimbo andika anwani yenyewe na sababu ya kuskani, kama "Skani uone bei za leo".

Kabla ya kuidhinisha, omba sampuli moja kwenye karatasi ileile na ukubwa uleule. Iskani kwa simu ya bei ya chini yenye kamera iliyochoka, jioni, kwa data badala ya Wi-Fi. Kisha badilisha kiungo kwenye seva na uskani tena kwa simu hiyohiyo. Ikifungua ukurasa wa zamani, rudi ukaangalie kama umeweka 302.