Zimwi Lililolala, Jambia Langu na Msimamizi wa Meza

Nilingoja hasira zipoe kabla ya kuandika, zikakataa kupoa. Ilikuwa baada ya Isha, siku za mwanzo wa kaskazi, darini kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe ambamo bwana mmoja huendesha mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, dadu huamua yanayompata, na msimamizi husimulia na kuamua, kwa malipo ya kiti. Nililipa shilingi 10,000. Chai ya tangawizi ilikuwa nzuri na kashata pia, na hayo nayamaliza hapa, kwa sababu sikupanda daladala kutoka Mwanakwerekwe kwa ajili ya kashata.

Mhusika wangu alikuwa mwizi wa ngazi ya tatu, mwenye jambia na nyayo nyepesi, ambaye mitego ya njiani ilikwisha kumchosha na kumwachia pointi 12 tu za uhai. Kwa karibu saa nzima nilimnyatisha ndani ya pango huku wenzangu wakibaki nje ili vyuma walivyovaa visije vikapiga kelele, mpaka akafika kwenye shingo ya zimwi lililolala fofofo. Nikasema: "Ninalichinja." Msimamizi akacheka kidogo, akanisukumia dadu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kanuni za toleo la tano, lile la 2014, hazina kabisa pigo la kumalizia, yaani la kumuua papo hapo asiyejiweza. Anayemshambulia aliyelala hurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa, na akiwa ndani ya futi 5, pigo likipata huhesabiwa kuwa pigo kuu, yaani dadu za madhara hurushwa maradufu. Zaidi ya hapo, mbele ya jambia aliyelala hana tofauti na aliye macho. Zimwi la kitabuni lina pointi 59. Jambia langu pamoja na nyongeza yangu ya kuvizia, hata kama kila dadu ingeniangukia kwa namba yake ya juu kabisa, vingefika 35 tu. Mimi nilipata 17. Zimwi likainuka, koo limekatwa, likiwa na pointi 42 na hamu ya kupigana. Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lile halikuwa likinijua.

Niliuliza kwa adabu: "Bwana, mtu aliyechinjwa usingizini huamkaje akapigana?" Hakufungua kitabu, wala hakunitazama. Aliwaangalia wale vijana watatu upande wa pili wa meza, akasema: "Mwambieni bibie kanuni ndiyo hiyo. Akitaka hadithi za Abunuwasi akae na bibi yake amhadithie." Wakacheka. Afadhali angenitukana, maana tusi ningelijua jibu lake.

Kilichofuata ndicho ambacho mpaka leo hakijanishuka kooni. Rungu la zimwi lilinipiga 14, nikaanguka bila fahamu. Zamu yangu ilipofika nilirusha dadu ya kujiokoa na mauti, ambayo hutaka 10 au zaidi, nikapata 6: kosa la kwanza. Zimwi likanipiga tena nikiwa nimelala chini, na kwa kuwa lilikuwa ndani ya zile zile futi 5, pigo lake likawa pigo kuu, ambalo kwa mhusika aliyekwisha kufika sifuri huhesabiwa makosa mawili. Makosa matatu ni kifo. Kwa hiyo hesabu ile ile ya kumpiga asiyejiweza, iliyoliamsha zimwi likiwa na karibu robo tatu ya uhai wake, ilinimaliza mimi kwa pigo moja, kabla wenzangu hawajafika mlangoni mwa pango. Nilikuwa tayari kusema, na nyumbani nilisema kwa sauti, kwamba kanuni hii ni mbovu na aliyeitunga hajapata kuona kuku akichinjwa.

Nina kitabu cha zamani, toleo la tatu lililosahihishwa 2003, alichoniachia mjomba wangu aliyekuwa baharia. Humo, anayetumia raundi nzima kummaliza asiyejiweza hupata moja kwa moja na kwa pigo kuu, na aliyepigwa, akisalimika na madhara, lazima arushe dadu afikie 10 pamoja na idadi ya madhara yale, la sivyo anakufa. Kwa madhara yangu 17, zimwi lingetakiwa kufikia 27, nalo lina nyongeza ya 6. Lisingeokoka ila kwa dadu kuangukia 20 kamili, ambayo huokoa daima. Vitabu vya miaka ya 1970 vilikuwa vikali zaidi, kwani aliyelazwa kwa uchawi aliuawa bila dadu yoyote.

Nikiwa mkweli, hata hivyo, kitabu hicho hicho cha mjomba ndicho kilichoniulia kuhani, mhusika wangu mwingine niliyemlea kwa miezi, siku alipoguswa na mla maiti, jinamizi la mchezoni, akaganda viungo vyote, kisha akamalizwa akiwa amesimama kama nguzo. Usiku ule sikula. Toleo la 2014 lingempa nafasi, na pengine angenusurika. Basi nilianza kulaumu kanuni, na sasa nadhani kanuni inatetewa, ingawa si kwa zimwi lile.

Isipokuwa kila nikilikumbuka lile "mwambieni bibie" nayafuta niliyoyasema. Kitabu chenyewe cha 2014 kinampa msimamizi mamlaka ya kuamua pale kanuni inapogongana na akili. Angeweza kusema limekufa, au angeniambia mapema, kabla ya saa nzima ya kunyata, kwamba jambia halitatosha, nikawaita wenzangu tukalipiga sote kwa pamoja likiwa limelala. Barazani kwetu mzee akikaa kucheza bao na mtoto asiyetofautisha namua na mtaji, humweleza kwanza, ndipo kete zishuke. Huyu alijua tangu nilipoingia pangoni kwamba ninakwenda kufa, akaninyamazia, akinywa chai.

Mwenye kutaka kwenda aende, kwani sauti yake ya kusimulia ni nzuri na pango lake nililiona kwa macho yangu. Lakini kabla ya kutoa pesa amwulize mambo mawili: nikimkuta adui amelala, itakuwaje, na nikilala mimi, itakuwaje. Mimi nimeulizwa na yule mtu wangu wa karibu aliyenialika kama nitarudi, kwa kuwa zimwi bado lipo na zile pointi zake 42. Nimemwambia sirudi. Mhusika mpya nimekwisha kumwandika, lakini huyo ni wa meza nyingine.