Hatimaye duka lenye jezi za Morans

Ukizunguka katikati ya Nairobi kutafuta jezi ya basketiboli utaletewa Lakers, utaletewa Bulls, na ukisisitiza unataka ya Kenya utapewa ya Harambee Stars, timu ya soka. Ndiyo maana nakisifu kiduka hiki cha ghorofani upande wa River Road, ambako jezi za Morans, timu yetu ya taifa ya basketiboli, ndizo zilizotundikwa mlangoni.

Si jezi rasmi, na mzee mwenye duka hakufichi hilo. Kitambaa ni chepesi, cha vitundu vidogo, hakigandi mwilini ukitoka jasho. Lakini geuza pindo la chini uangalie ndani: kwa uzi mweupe pameshonwa "Yaoundé 74–73". Nilipoiona nilisisimka. Februari 2021, mjini Yaoundé, Kamerun, Kenya iliifunga Angola kwa pointi moja, Tylor Ongwae akitumbukiza mpira wa mwisho muda ukiisha. Na Angola wakati ule ilikuwa na mataji 11 ya Afrika! Ushindi huo ndio uliotupeleka AfroBasket, mashindano ya ubingwa wa Afrika, kule Kigali mwaka huohuo, baada ya miaka 28 nje ya mashindano. Kocha alikuwa Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika AfroBasket. Kule tuliifunga Mali, kisha Sudan Kusini ikatutoa.

Wasichana ninaowafundisha basketiboli Nakuru hawakuwa na habari na hayo yote. Siku hizi kila anayevaa jezi huulizwa zile namba za kwenye pindo ni za nini, naye anaeleza. Kwangu hiyo peke yake inatosha kurudisha pesa yangu.

Kuna pia ya mtindo wa 1993, mwaka ambao Nairobi iliandaa AfroBasket na Kenya ikamaliza ya nne, nafasi ambayo hatujaipita mpaka leo. Kitambaa chake ni kizito, mabega mapana. Ni ya kuvaa ukitoka matembezi, kuchezea itakuchosha. Mzee anasema alikuwa jukwaani mwaka huo, na ukimpa nafasi atakusimulia hadi chai ipoe.

Kasoro zipo. Namba za mgongoni zimebandikwa kwa pasi, hazikushonwa, na za jezi mbili zimeanza kubanduka kingo. Fueni kwa mkono, maji baridi, na msianike juani namba zikiwa upande wa nje. Saizi pia ni kubwa kuliko zilivyoandikwa. Anayevaa M achukue S. Nilipomweleza mzee kuhusu mikono kuwa mipana mno kwa wasichana, alisema, "Kocha, niletee vipimo vyao, nitapunguza," na kweli alipunguza bila kuniongezea bei.

Ninachomdai ni jezi ya Bamako 2019, tulipofika fainali ya AfroCAN, mashindano mengine ya basketiboli ya Afrika, na kurudi na medali ya fedha baada ya kufungwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bila Bamako huwezi kueleza Yaoundé, kwa sababu Ongwae na wenzake walianza kuaminika pale. Mzee amekubali kuishona wateja wakitosha. Kwa hiyo mkienda, iulizieni. Malipo ni M-Pesa, na wa mbali hutumiwa mzigo kwa basi.