Programu iliyomwambia muuguzi aongee Kiingereza

Nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa kuwa sikuona pa kubonyeza sifuri.

Mimi hufundisha wauguzi hapa Mombasa wanaotaka kwenda kufanya kazi Uingereza. Ni watu wazima, wengine wanatoka zamu ya usiku na kuja darasani moja kwa moja, macho mekundu. Baraza la wauguzi la kule linataka 7 kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mtu anaweza kukwamia nusu alama tu na safari ikangoja. Kwa hiyo nilipoona programu inayodai humpima mwanafunzi akizungumza, usiku na mchana, nikalipia. Ilikuwa mwezi wa nne hivi, au wa tano, mvua zishaanza.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa watoto wawili, akaijaribu mbele yangu. Swali: eleza jambo ulilolifanya kazini ukaridhika. Dakika moja ya kujiandaa, dakika mbili za kusema, kama mtihani wenyewe. Akasimulia usiku ambao stima ilipotea na mama mmoja uchungu umeshamshika, na yeye akamzalisha huku mwenzake kashika simu kumulika. Alisema taratibu, bila kukwama, na alipofika mtoto alipolia mwili ulinisisimka. Ni Kiingereza cha huku kwetu, ndiyo, chenye irabu zake mwishoni mwa maneno. Lakini nilielewa kila neno, na hata jirani aliyekuwa akianua nguo dirishani aliacha akasikiliza.

Programu ikampa 4.5. Chini yake ikaandika: jibu haliendani na swali.

Tukafungua maandishi ya kile ilichosikia. Pale aliposema yeye ni "nurse" wa "ward" ya kujifungulia, mashine iliandika "I am a nasty in the world". Akaisoma mara mbili. "Mwalimu, kwani mimi nimesema hivyo?" Nikacheka, yeye hakucheka. Alifunga simu, akaitia kwenye mkoba, na wiki mbili sikumwona darasani.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, na rekodi nikaambatisha. Jibu likaja kwa Kiswahili kile cha kuchemshwa kwa mashine: "Mpendwa mtumiaji, tunasikitika kwa kero. Tafadhali hakikisha unaongea Kiingereza kwenye kipaza sauti." Hakikisha unaongea Kiingereza! Huyu dada kasomea uuguzi kwa Kiingereza miaka yote, ripoti za wagonjwa anaandika kwa Kiingereza, leo aambiwe ahakikishe. Nikauliza tena, nikajibiwa sentensi ile ile, nukta kwa nukta.

Na ukweli ni kwamba kwenye mtihani wenyewe wa kuzungumza mwanafunzi hukutana na mtahini, binadamu, kwa dakika 11 hadi 14. Anapima mambo manne kwa uzito sawa: ufasaha, msamiati, sarufi, matamshi. Matamshi ni robo! Na hata hiyo robo haikutaki ujifanye umezaliwa London, inataka ueleweke. Hii programu imegeuza robo kuwa mtihani mzima.

Nikaamua kuijaribu ujinga wake. Nikampa mpwa wangu, kijana wa Nairobi anayeongea kwa pua kama mtangazaji wa redio. Swali ni lile lile la kazini, na yeye hana kazi. Akapiga porojo za Arsenal dakika mbili nzima. Akapewa 7.5, na pongezi juu. Mimi mwenyewe, mwalimu, nilipata 5.5. Sikuwaambia wanafunzi mpaka leo.

Haya, niseme na lingine, nisije nikadhulumu. Sehemu ya kusikiliza ni nzuri, wallahi ni nzuri sana. Kwenye mtihani rekodi hupigwa mara moja tu, na humo unaweza kukutana na Mwingereza, Mwaustralia, Mkanada. Darasani mimi nina sauti moja, yangu. Humu kuna sauti tele, na haikuruhusu kurudisha nyuma. Kuna kijana wa Likoni alikuwa akisikiliza kwenye ferry kila asubuhi, earphone sikioni, na makosa yake yalipungua nikiona kwa macho. Basi tuseme nyota mbili. Tatu, kama wangeing'oa ile ya kuzungumza na kuitupa baharini.

Yule dada alirudi. Sikumuuliza kitu. Siku moja kabla ya darasa nikamsikia peke yake kibarazani, simu mdomoni, akisema "nurse" kwa pua, tena na tena, mpaka mashine ikampa 6. Akanigeukia anatabasamu: "Mwalimu, ishanisikia."

Narudi kwenye moja. Moja kabisa. Maana wiki iliyopita mwanafunzi mpya alilalamika kuwa programu haimwelewi, na kabla sijafikiri nikajisikia namwambia: wewe sema kwa pua tu, itakubali. Na jana nimekatwa pesa ya mwezi mwingine, nami sijajiondoa, kwa sababu Jumamosi tuna somo la kusikiliza.