Tathmini ya LVE Manager: tazama CPU kabla hujagusa EP

Mteja akipiga simu kusema tovuti yake inaonyesha 508, yaani kosa la kufikia ukomo wa rasilimali, ombi lake ni lilelile: niongezee. Niongeze nini, hajui, na wala si kazi yake kujua. Kazi hiyo ni yangu mimi ninayekaa upande wa pili wa paneli, na chombo changu ni LVE Manager, programu-jalizi inayokuja na CloudLinux, mfumo wa uendeshaji wa seva zinazobeba tovuti za wateja wengi, na kukaa ndani ya paneli za cPanel, Plesk au DirectAdmin. Naifungua kila siku ya kazi, kwa hiyo haya si maoni ya mtu aliyeijaribu wikendi moja.

Kwanza tuitofautishe na vifurushi vya kawaida vya paneli, maana wengi huvichanganya. Kifurushi cha WHM, upande wa msimamizi wa cPanel, kikiwa peke yake kinaweka ukomo wa diski, wa data inayopita kwa mwezi, wa hifadhidata na wa masanduku ya barua pepe. Hakimzuii mtu kumaliza prosesa yote ya seva. Akaunti inaweza kuwa na mafaili kiduchu kabisa na bado programu-jalizi moja mbovu ikawalaza majirani wote. Ukomo wa LVE unakaa kwenye kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji: kila akaunti inafungiwa ndani ya eneo lake, inapewa kipimo chake cha CPU, kumbukumbu, diski na michakato, na ikizidisha inaumia peke yake.

Ukurasa wa kuweka mipaka ni jedwali tu, na hilo nalisifu. Viwango vya kuanzia ni SPEED (kasi ya CPU) 100%, PMEM (kumbukumbu) GB 1, IO (kusoma na kuandika diski) KB 1,024 kwa sekunde, IOPS (operesheni za diski kwa sekunde) 1,024, EP (michakato ya kuingilia, nitaieleza hapo chini) 20 na NPROC (michakato yote ya akaunti) 100. SPEED huwachanganya wanaoanza: 100% si seva nzima, ni kore moja. Aliyepewa 200% ana kore mbili, hata kama seva ina 32. Ukibadilisha namba na kuhifadhi, inaanza kazi papo hapo, bila kuwasha upya chochote. Ukikuta VMEM, ukomo wa kumbukumbu pepe, kwenye seva ya zamani, iache kwenye sifuri, PMEM inatosha.

Sasa EP. Namba hii ndiyo inayoleta 508, na ndiyo ambayo kila mtu hukimbilia kuipandisha. Wauzaji wengine huiandika kwenye matangazo kana kwamba ni idadi ya watu wanaoweza kuwa kwenye tovuti kwa wakati mmoja, jambo ambalo si kweli. EP huhesabu maombi yanayoendesha skripti kwa nukta hiyo hiyo, pamoja na vipindi vya SSH na kazi za kron, yaani za ratiba, zilizo hewani. Picha, CSS na mafaili mengine yaliyotulia hayamo. Mgeni anayesoma makala kwa dakika tano anashika nafasi ile sehemu ya sekunde tu ambayo PHP inamtengenezea ukurasa, kisha anaiachia.

Piga hesabu kidogo. Tuseme ukurasa wa duka la WooCommerce usio na kache unakula nusu sekunde ya CPU. Kwa SPEED ya 100%, akaunti inaweza kutoa kurasa mbili kwa sekunde, basi. Yakija maombi matatu kwa sekunde, moja linabaki kila sekunde na foleni inarefuka. Baada ya sekunde ishirini hivi, nafasi zote 20 za EP zimejaa, na anayefuata anapokelewa na 508. Mpe EP 40 na utakuwa umenunua sekunde nyingine ishirini, na hao wanaosubiri wanasubiri zaidi. Kilichokwama hapo ni CPU. EP inapiga kengele tu.

Ndiyo maana sehemu ninayoithamini kuliko zote ni takwimu. Upande wa msimamizi kuna orodha ya akaunti, na kwa kila moja wastani, kilele, ukomo na idadi ya mara ilipogonga ukomo huo. Upande wa mteja wa cPanel kuna ukurasa wa matumizi ya rasilimali wenye grafu zilezile kwa akaunti yake peke yake. Naanza na safu ya EP, kisha macho yanahamia CPU kwa saa ileile. CPU ikiwa imelala chini huku EP imejaa, skripti zinangoja kitu cha nje: huduma ya malipo inayochelewa kujibu, au hifadhidata iliyozidiwa. CPU ikiwa imeganda kwenye ukomo, EP naiacha ilivyo.

Halafu kuna picha za papo hapo, ambazo nashangaa watu hawazifungui. Akaunti inapogonga ukomo, mfumo unarekodi orodha ya michakato, maswali ya hifadhidata na maombi ya HTTP ya wakati huo. Kwenye tovuti moja ya WordPress niliyokuwa nikiiangalia, orodha ilikuwa na mstari mmoja unaojirudia kutoka juu hadi chini: xmlrpc.php, xmlrpc.php, xmlrpc.php, na katikati wp-cron.php mbili tatu. Hakukuwa na mteja hata mmoja aliyekuwa akinunua kitu. Roboti zilikuwa zikibahatisha manenosiri kupitia xmlrpc.php, faili la WordPress linalopokea maombi ya programu za nje. Tulifunga xmlrpc.php, tukaweka DISABLE_WP_CRON kwenye wp-config.php ili WordPress isiite wp-cron.php kila mgeni anapofungua ukurasa, na kazi za ratiba zikahamia kwenye kron halisi ya paneli. Mipaka haikuguswa. Mwenye tovuti alikuwa ameshakubali kulipia kifurushi kikubwa zaidi, na kwa mauzo ningemwacha tu, lakini roboti zingekula na hicho.

Kumbukumbu ni habari nyingine. PMEM ikigongwa hakuna foleni. Michakato inauawa na mgeni anaona 500 au 503. Angalia memory_limit ya PHP, yaani kumbukumbu ya juu kwa kila skripti, kabla ya kulaumu ukomo: ukiiweka MB 256 kwenye akaunti ya GB 1, skripti nne zikifika kilele pamoja zimemaliza kila kitu, hata kama EP inaruhusu ishirini. NPROC nayo iwe juu ya EP kwa nafasi ya kutosha, la sivyo inagongwa kwanza na EP haina maana tena.

IO haiui kitu, inapunguza mwendo tu, na kwa sababu hiyo malalamiko yake huja kwa lugha ya "tovuti nzito leo". Kwa KB 1,024 kwa sekunde, bakapu ya GB 2 inayoendeshwa na programu-jalizi ya mteja inachukua zaidi ya nusu saa, na muda huo wote kurasa zinagombea diski ileile. Kinachosomwa kutoka kwenye kache ya kumbukumbu hakihesabiwi, kwa hiyo tovuti ileile inaweza kuwa nyepesi mchana na kugoma usiku bakapu inapoanza. Nikiwa na diski za SSD, huu ndio ukomo wa kwanza ninaoulegeza.

Nisichokipenda? Vifupisho, kwanza. Mwenye duka la viatu anapofungua ukurasa wake na kukuta EP, NPROC na IOPS, anaufunga na kunipigia simu. Pili, hiyo 508 yenyewe: katika RFC 5842, waraka wa kiufundi wa intaneti, namba hiyo ni ya kosa la mzunguko usioisha, kwa hiyo msanidi anayeitafuta mtandaoni anaweza kuanza kuwinda mzunguko ambao haupo. Ukurasa wa kosa unaweza kuandikwa upya, na wenye seva wafanye hivyo: sentensi mbili za Kiswahili cha kueleweka zinapunguza simu nyingi.

Mipaka iwekwe kwenye vifurushi, si kwenye akaunti mojamoja. Mfumo unaruhusu yote mawili, na namba ya akaunti inaishinda ya kifurushi. Ukimpa huyu nyongeza ya kirafiki na yule nyongeza ya kunyamazisha makelele, siku ukibadilisha kifurushi wao hawaguswi, na hakuna anayekumbuka kwa nini.

Kwa anayefikiria kulipia leseni, ambayo ni ya kila seva: tovuti zako zikiwa chache na zote za ofisi moja, huihitaji. Kwenye Plesk kuna Cgroups Manager inayoweka ukomo wa CPU, RAM na diski kwa kila usajili, ingawa EP haina. Ukiuza nafasi kwa watu wasiofahamiana, nunua, na siku hiyohiyo sakinisha MySQL Governor, chombo cha CloudLinux kinachodhibiti matumizi ya hifadhidata ya kila mteja. LVE peke yake haihesabu mzigo wa MySQL, kwa kuwa hifadhidata inaendeshwa nje ya eneo la mteja. Swali moja la SQL lisilo na faharasa linaweza kuisimamisha seva huku grafu ya mwenye nalo ikionyesha CPU 6%.