Pizza za New York: Ununue Ipi Kwanza

Ukifika New York, pizza ya kwanza kuinunua iwe tupu. Unga, sosi ya nyanya, jibini, basi. Mpika chapati hapimwi kwa mchuzi wake. Hupimwa kwa chapati kavu, na pizza nayo ni hivyo hivyo: uyoga, soseji na nanasi huficha mengi.

Nimezipanga hapa chini kwa swali moja tu: nikibakiwa na pesa ya mlo mmoja mjini humu, ningerudia ipi? Bei na njaa nimevitia kwenye mizani, umaarufu wa jina sikuutia. Na kabla ya kusoma bango la duka, chungulia tanuri. Gesi, makaa ya mawe au kuni: hapo ndipo tofauti inapoanzia, na asiyelitazama tanuri hulipa dola 30 kwa kitu ambacho angekipata kwa 4.

1. Kipande cha kawaida

Hii ndiyo pizza ya mji. Duara pana la sentimita 45 au zaidi, linakatwa vipande 8, unauziwa kimoja kwenye kibamba cha karatasi na unakula umesimama. Zamani maduka yalioka kwa makaa na kuuza pizza nzima. Tanuri za gesi zilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, mtu mwenye kichumba kidogo tu aliweza kufungua duka, na kuuza kwa kipande kukatapakaa kila mtaa. Joto la gesi ni la chini, hivyo pizza hukaa ndani muda mrefu zaidi, ikakauka chini bila kuungua juu. Jibini lake ni mozarela kavu, ile isiyotoa maji.

Namna ya kuijua nzuri: ikunje kwa urefu kama unavyokunja chapati ya kutembea nayo. Ncha isilegee, na mgongo ulie kidogo unapopasuka bila kukatika. Mafuta ya rangi ya machungwa yakichuruzika kwenye kiganja, usihamaki, ndivyo ilivyo. Ikilegea yote kama kitambaa kibichi, unga haukupewa muda wa kuumuka au tanuri lilikuwa halijapata moto.

Joe's ya mtaa wa Carmine, tangu 1975, ndipo ninapowapeleka wageni, kwa sababu foleni ni ndefu na pizza hazipati nafasi ya kupoa. Kule Brooklyn, Di Fara kwenye Avenue J ilifunguliwa 1965. Mwenyewe, Domenico DeMarco, alikata majani ya mrehani kwa mkasi juu ya kila pizza kwa miongo mingi, hadi alipofariki 2022. Panda treni ya Q, na usiende ukiwa na haraka.

Lakini hata duka la kona lisilo na jina linaweza kukushangaza. Siri ni kuangalia kinachotoka tanurini wakati huo, si kilicholala nyuma ya kioo tangu asubuhi. Mimi nilikosea siku zangu za mwanzo, karibu na Times Square: nilielekeza kidole kwenye kipande cha juzi, wakakipasha mpaka kikawa soli ya kandambili, nikalipa kama mtalii. Nilistahili.

Bei ni kama dola 3 hadi 4 na kidogo. Watu wa mji wana kanuni yao ya tangu 1980, kwamba kipande na nauli ya treni ya chini ya ardhi havipishani bei. Nauli ilipofika dola 2.90 mwaka 2023, vipande vya maduka mengi mazuri vilikuwa vimeshaipita. Vile vya dola moja, vilivyosambaa baada ya 2008, vimeanza kupanda navyo. Vinafaa saa nane za usiku ukiwa na njaa ya kweli. Mchana, ongeza dola mbili ule pizza.

Kwa wasiokula nguruwe: peperoni, ile soseji kavu ya kukatwa vipande vyembamba, ya kawaida Marekani ina nyama ya nguruwe, mara nyingi ikichanganywa na ya ng'ombe. Yapo maduka yanayoweka ya ng'ombe peke yake na kubandika neno halali mlangoni. Usipoliona, uliza bila aibu, au baki na kile kitupu nilichokusihi tangu mwanzo.

2. Pizza ya makaa ya mawe

Ningekuwa napanga kwa ladha tupu, hii ingekaa juu. Imeshuka kwa sababu ya mfuko: maduka mengi ya makaa hayauzi kipande. John's ya mtaa wa Bleecker, ya mwaka 1929, hilo hawalifanyii mjadala, unanunua nzima au unaondoka. Njooni wawili au watatu.

Tanuri la makaa hupita nyuzi 400 za Selsiasi. Pizza huingia nyeupe na kutoka baada ya dakika chache, ukingo una madoa meusi. Usiirudishe ukidai imeungua. Yale madoa ndiyo unayoyalipia, uchungu wao unakata utamu wa nyanya kama ndimu inavyokata mafuta ya nyama. Chini panakuwa pakavu, ndani ya ukingo pana mashimo ya hewa, na moshi unausikia kwa mbali tu.

Lombardi's kwenye Spring Street inajihesabia miaka tangu 1905 na ndiyo hutajwa kuwa duka la kwanza la pizza nchini, ingawa jengo la sasa si lile la awali. Totonno's ya Coney Island ni ya 1924. Mimi ningekutuma Patsy's ya East Harlem, ya 1933, karibu na mtaa wa 118, kwa sababu moja: pale kipande cha makaa kinauzwa peke yake. Unaionja kwa dola chache kabla ya kuamua kuleta ukoo mzima. Kula hapo hapo. Pizza hii haivumilii safari, ikifika nyumbani imekuwa ngozi.

Tena, tanuri hizi haziongezeki ovyo. Mji unabana moshi, na kanuni iliyoanza kutumika 2024 inayataka maduka yenye tanuri za tangu kabla ya 2016 yapunguze masizi kwa asilimia 75.

3. Ya mraba

Waliotoka Sicily, kisiwa cha Italia, waliacha duara wakaoka kwenye trei. Unga mnene, laini ndani, unaomuka kwenye trei yenyewe, chini umekaangika kwa mafuta. Dada yake anaitwa pizza ya bibi, ya Long Island: mraba pia, ila mwembamba, hausubiriwi kuumuka sana.

L&B Spumoni Gardens, kusini mwa Brooklyn, imebeba herufi za Ludovico Barbati aliyeianzisha 1939. Wao huweka jibini kwanza, sosi juu yake. Ulimi unakutana na nyanya kabla ya kitu kingine, na jibini limejificha likiungana na unga. Mara ya kwanza nilidhani mpishi amesahau kitu. Mara ya pili nilibeba trei nusu. Vipande viwili ni mlo kamili, na hesabu yake kwa tumbo la mtu mzima inashinda ile ya makaa.

4. Ya Napoli

Hapa nitagombana na watu. Chama cha wapika pizza wa Napoli, Italia, kilichoanzishwa 1984, kina masharti: tanuri la kuni, nyuzi 430 hadi 480, sekunde 60 hadi 90, kipenyo kisichozidi sentimita 35. Ikitoka ni laini, katikati ni majimaji, inataka kisu na uma. (Meya Bill de Blasio alipokula pizza kwa uma mwaka 2014 mji mzima ulimzomea, lakini kwa hii asingekuwa na kosa.) Una Pizza Napoletana ya Lower East Side wanaifanya kwa ustadi wa kutisha. Ila ni pizza ya mtu mmoja kwa zaidi ya dola 20, na njaa inarudi upesi. Inunue siku ya sherehe.

5. Ya Detroit

Imehamia tu. Ilianza Detroit 1946, kwenye trei za chuma za viwanda vya magari. Jibini husukumwa hadi ukingoni, likagandia kwenye chuma na kuwa ukoko. Kama nyumbani mligombania ukoko wa wali, utaielewa bila kufundishwa. Ni nzito, ya siku ya baridi kali.

Wa Unguja wataniuliza ya Forodhani iko namba ngapi. Haimo. Ile ni unga mwembamba unaofungiwa kima, yai na kitunguu, ikakaangwa kwenye tawa. Imeazima jina tu, na kwa kweli haikulihitaji.

Kuhusu malipo: bei ya menyu mara nyingi haijajumlisha kodi ya mauzo, ambayo New York ni asilimia 8.875. Ukikaa mezani ukahudumiwa, ongeza bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Ukinunua kipande dirishani si lazima. Beba noti kidogo, maduka mengine ya zamani hayataki kadi.

Ukiwa na siku moja, anza Carmine Street saa tano asubuhi kabla ya foleni, kipande kimoja tu, narudia, kimoja. Mchana panda Harlem kwa Patsy's. Jioni shuka Brooklyn hadi L&B, na ukifika dirishani omba cha kona.