Kubadilisha redio ya gari Mombasa: ipi ununue, ipi uiache dukani

Asubuhi umebadilisha betri. Mchana unawasha redio, skrini inakujia na maandishi ya Kijapani na picha ya kadi. Inadai kadi ya ramani. Kadi yenyewe ilibaki Japani au ilichomolewa njiani, na redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga umeme ukikatika, hadi iingizwe kadi au namba ya siri. Muziki wa simu nao umeishia hapo.

Wengi wanaotafuta redio mpya huanzia kwenye mkasa huo. Waliobaki wamechoshwa na tatizo la tangu zamani: redio ya Kijapani inaishia 90. Kule FM ilipangwa 76 hadi 90, na baadaye ikasogezwa hadi 95. Sisi masafa yetu ni 87.5 hadi 108. Baraka FM iko 95.5, Pilipili 99.5. Unazungusha weee, unaambulia mivumo.

Nimeshabadilisha redio tatu kwenye magari mawili, Probox na Vitz, na mbili kati ya hizo nilijuta. Msimamo wangu nautoa mapema: wengi wetu tunanunua skrini kubwa ilhali tulichohitaji ni FM kamili, simu inayoshika Bluetooth bila ubishi, na sauti isiyokwaruza. Nimezipanga hapa kwa kigezo hicho. Ya kwanza ndiyo ningemnunulia dada yangu.

Kabla hujaingia duka lolote, shika rula upime uso wa redio iliyomo. DIN ni kipimo cha kawaida cha tundu la redio. DIN moja ina upana wa kama milimita 180 na urefu wa 50. DIN mbili ni 180 kwa 100. Toyota nyingi za Japani zina tundu la 200 kwa 100, kwa hivyo redio ya kawaida ukiitia humo inabaki na mwanya wa sentimita moja kila upande. Kuna vipande vya plastiki vya kuziba mwanya huo, na huuzwa kando. Muuzaji asipokuuliza gari lako ni aina gani na la mwaka gani, anataka kuuza boksi tu.

1. Redio ya kawaida isiyo na CD, ya kampuni inayojulikana

Ndiyo, ile nyembamba yenye kitufe cha kuzungusha. Pioneer, Kenwood, JVC, Sony. (Kenwood na JVC wameungana tangu 2008, basi usipoteze muda dukani ukibishana ipi ni bora.) Inashika FM hadi 108, ina Bluetooth na tundu la USB, na ukiwasha gari inaimba hapo hapo. Jua haliizibi. Haina mota ya CD ya kukwama, na kwa kuwa ni fupi kwa nyuma, fundi anapata pa kulaza waya bila kuzisokomeza.

Zaidi ya yote, kile kitufe unakishika bila kukitazama. Ukiwa daraja la Nyali jioni, tuktuk kulia, bodaboda kushoto, na simu ya nyumbani ndiyo hiyo inaita, utaelewa kwa nini nimeiweka juu.

Ubaya wake ni kwamba haina umbo la kujivunia. Kwenye tundu la DIN mbili inajaza nusu tu, nusu ya chini unatia kijisanduku cha plastiki. Mimi humo naweka sarafu na kichupa cha mafuta ya udi, na sijaona hasara.

Boksi lake litakuambia 50W mara nne. Usilibebe neno hilo moyoni. Hiyo ni nguvu ya mshtuko wa kufumba na kufumbua. Redio inayokula umeme wa betri ya volti 12, bila amplifaya ya pembeni, hutoa wati kumi na kitu hadi ishirini na kitu kwa kila spika, basi. Redio isiyo na jina iliyoandikwa 60W mara nne haiwezi kuishinda Pioneer iliyoandikwa 50. Ina wino mwingi tu.

2. Skrini yenye CarPlay na Android Auto

Kama kazi yako ni kuzunguka, unapeleka mizigo Mtwapa asubuhi na Changamwe mchana, au unabeba abiria wa kuagizwa kwa simu, hii ndiyo yako, na bei yake ya juu utaifidia. CarPlay ni ya iPhone, Android Auto ni ya simu za Android. Siri yake ni kwamba akili yote iko kwenye simu. Ramani ni ya simu, nyimbo ni za simu, skrini inaonyesha tu. Ukibadilisha simu mwaka kesho, redio nayo ni kama imebadilishwa.

Hapo ndipo inapoipiku Android ya inchi 9, ile ya namba tatu hapa chini, ambayo inazeeka na ubongo wake ndani ya dashibodi.

Jihadhari na kitu kimoja. Kuna skrini za bei nafuu ambazo muuzaji atakuapia zina CarPlay, kumbe zinaakisi tu picha ya simu kwa waya, na mara nyingi bila kuitikia mguso. Ichomeke simu yako wewe, si ya dukani, uone CarPlay au Android Auto yenyewe ikifunguka. Ukiambiwa "hiyo itafunguka ikishafungwa kwa gari", shukuru uondoke.

3. Android ya inchi 9 au 10

Hii ndiyo inayouzika, na ndiyo ya kwanza niliyonunua. Nilitoa elfu kumi na mbili, na fremu nikaongeza elfu moja na mia tano. Fremu hutengenezwa kwa gari moja moja: ya Fielder haiingii Premio. Usiku wa kwanza niliketi ndani ya gari uwanjani kama mwenye gari jipya.

Wiki ya pili nikajikuta kwenye foleni ya feri, Likoni, saa nane mchana, jua liko upande wa dereva. Skrini ikageuka kioo. Najiona mimi na kofia yangu, ramani siioni. Nilikuwa nimezima injini kungoja, na nilipowasha kusogea, redio ikaanza upya: nembo, kiza, nembo tena. Sauti ilirudi nishapanda feri.

Kosa lilikuwa langu. Nilinunua ya RAM ya 1GB, na kwenye redio ya Android hiyo haitoshi hata kufungua ramani na wimbo kwa pamoja. Ukitaka aina hii, usikubali chini ya 4GB na hifadhi ya 64GB, na uliza skrini ni IPS, maana hizo huonekana hata ukizitazama kwa pembeni. Prosesa inayosifiwa na mafundi ni UIS7862 yenye viini vinane. Namba ya toleo la Android iliyoandikwa kwenye mipangilio usiiamini: maandishi hayo huchezewa, unasoma 13 na ndani ni 10. Pakia CPU-Z, programu inayoonyesha vilivyomo ndani, pale pale dukani. Mara nyingi humwumbua muuzaji.

Na betri, jamani. Redio hizi hazizimiki kabisa; hulala, ili zifunguke haraka, na zikilala zinaendelea kunywa umeme. Gari likikaa wiki bila kuwashwa unaweza kukuta betri chali. Kwenye mipangilio kuna muda wa kulala, uupunguze.

Faida zake zipo, sikatai. Inapokea kamera ya nyuma bila shida, inasoma vitufe vya usukani, na kwa gari la familia lenye tundu kubwa inapendeza kweli. Intaneti utaipata kwa kuwasha hotspot ya simu, au kwa laini kama ina nafasi yake. Bando litaliwa, na watoto wakishajua kuna katuni mbele hutaisikia FM tena.

4. Skrini ya inchi 7 isiyo na jina, ile ya MP5

Inacheza video ya flashi, ina Bluetooth, na bei yake inatia tamaa. FM yake inashika kijuujuu. Ukipita Mtwapa kuelekea Kilifi stesheni zinaanza kukoroma mapema. Simu ukiipokelea humo, mwenzio anakusikia kama uko ndani ya pipa. Nunua kama gari unaliuza mwezi ujao.

5. Kubaki na redio ya Kijapani

Kuna kifaa kidogo kinachoingia kati ya antena na redio na kuyashusha masafa. Kikipunguza 16, basi 95.5 utaitafuta kwenye 79.5, na unabaki kufanya hesabu za kutoa ukiendesha. Stesheni zote hazikai humo, na sauti hupungua ubora. Vile vya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, vinavyorusha wimbo wa simu kwenye redio kwa FM, ni balaa nyingine: kwa redio ya Kijapani lazima ukiweke kati ya 87.5 na 90, la sivyo redio yenyewe haikisikii.

Isipokuwa una gari kama Mazda Demio ya kuanzia 2014 au Axela wa rika lake. Hayo skrini yake imefungamana na mipangilio ya gari, na kuing'oa ni kujitakia makuu. Hapo nitakushauri kifaa cha kushusha masafa, uvumilie hesabu.

Sasa waya, maana hapa ndipo pesa hupotelea

Redio yangu ya pili ilikuwa nzuri. Aliyeifunga ndiye aliyeniponza. Alikata plagi ya Toyota kwa koleo, akasokota waya kwa vidole, akazungushia tepu nyeusi. Chini ya mwaka mmoja, joto likayeyusha gundi ya tepu na hewa ya chumvi ikala shaba hadi ikawa kijani. Spika ya kushoto ikawa inaimba gari likiruka tuta.

Tena alikuwa ameunganisha waya ya njano na nyekundu pamoja. Njano ni ya betri moja kwa moja, ndiyo inayotunza kumbukumbu za stesheni na saa. Nyekundu hupata umeme ukizungusha ufunguo. Ukiziunganisha zote kwenye betri, redio haijui gari limezimwa, na betri inaisha. Ukizigeuza, kila asubuhi redio imesahau stesheni zote. Nyeusi ni athi. Spika zina rangi zake: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na yenye mstari mweusi ndiyo hasi. Usimwache mtu aunganishe hasi ya spika kwenye bodi ya gari kama ilivyokuwa kwenye magari ya zamani. Utaunguza redio siku hiyo hiyo.

Dawa ni ndogo mno kwa bei: plagi ya kugeuza. Upande mmoja inaingia kwenye soketi za Toyota, ile ya pini kumi na ile ya pini sita, upande wa pili inaungana na waya za redio mpya. Hakuna kukata kitu cha gari. Maungio yatiwe lehemu na mpira wa kubana kwa moto, si tepu. Fundi akikuambia hivyo vyote ni mbwembwe, mtafute mwingine.

Spika nazo zitazame. Karatasi ya spika iliyokaa pwani miaka kumi na unyevunyevu huu imechoka, na redio mpya itakuonyesha tu jinsi ilivyochoka. Kwa bei ya Android nzuri unaweza kupata redio ya namba moja na spika mbili za milango ya mbele.

Dukani nenda na flashi yako yenye nyimbo unazozijua, taarabu ni nzuri kwa sababu sauti ya mwimbaji na fidla huumbua spika mbovu haraka. Mwambie aiwashe kwenye betri ya mezani. Piga simu kupitia redio, mwenzio akae nje barabarani akuambie anakusikiaje. Weka stesheni tano, chomoa nyekundu peke yake, rudisha, uone kama zipo.

Ikishafungwa garini, kabla fundi hajarudisha skrubu za dashibodi, zima gari, chomoa ufunguo, mkae dakika chache mkizungumza, kisha washa tena. Jaribu honi, taa, kiyoyozi, kamera. Halafu mdai redio yako ya zamani na plastiki zake zote, uzitie kwenye mfuko uandike jina la gari juu. Atakayekuja kununua gari hilo ataziulizia.