Nilipeleka Mark X yangu Kyalami, gereji ya Mtwara nusura initoe roho

Safari yenyewe siisimulii. Mtwara hadi Tunduma kwa kupitia Masasi, Tunduru na Songea, halafu Zambia, daraja la Kazungula, Botswana, mpaka uwanja wa mbio za magari wa Kyalami, Afrika Kusini. Ni zaidi ya kilomita 3,000 na gari halikunisumbua popote. Kinachonichoma ni mteremko mmoja tu, na fundi mmoja aliyekula hela yangu.

Malipo ya korosho yalipoingia nilipeleka gari kwenye gereji moja hapa mjini. Nilimwambia fundi kwa mdomo wangu: "Kaka, naenda kuendesha kwenye uwanja wa mbio. Weka pedi mpya, na mafuta ya breki mwaga yote, tia mapya, DOT 4." Akanijibu, "Bosi, hiyo kazi ndogo." Nikalipa, nikapewa risiti. Nikazijaribu breki barabara ya Mikindani, zikakamata vizuri kabisa. Ningejuaje?

Kyalami iko kati ya Johannesburg na Pretoria. Formula 1 ilishindaniwa pale kuanzia 1967, na mwaka 1975 Jody Scheckter, mtoto wa nchi ileile, akashinda nyumbani kwao. Mara ya mwisho yalikuwa 1993. Leo hii mtu wa kawaida unaweza kuingia na gari lako siku za wazi. Wanakagua gari, unavaa helmeti na nguo ya mikono mirefu, unapewa maelekezo, unaingia. Nilipopita getini na namba za Tanzania machozi yalinilengalenga, nasema kweli.

Mzunguko wa kwanza gari lilikosa pumzi nikadhani limeugua. Mzee mmoja aliyeegesha jirani yangu akanielewesha: pale ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo lazima ipungukiwe nguvu. Sawa, nikatulia. Mizunguko miwili iliyofuata sijawahi kufurahi vile nikiwa nyuma ya usukani.

Wa nne ndio huo. Ukitoka kona ya Leeukop unateremka sehemu wanayoiita Mineshaft, barabara inazama kama unaingia shimoni. Nikashuka na gia, nikakanyaga breki. Pedali ikaenda mpaka chini. Laini, kama nakanyaga godoro. Nikapampu mara tatu, nne, ikarudi kidogo. Nikatoka nje ya lami na gari likasimama lenyewe. Mikono ilitetemeka nikashindwa hata kufungua mkanda.

Yule mzee akaja na spana. Kwenye nipo za breki, vile vichuchu vya kutolea mafuta kwenye kila tairi, vumbi lilikuwa limegandamana, jekundu, la kwetu hukuhuku. Hakuna spana iliyowahi kugusa pale. Alipofungua yakatoka mafuta meusi kama kahawa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na Mtwara tunaishi mdomoni mwa bahari. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye 155. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke hausukumi pedi.

Nikampigia fundi nikiwa palepale. Unajua alinijibu nini? "Nani kakutuma ukashindane? Mark X gari la kwendea sokoni hilo." Akakata.

Kyalami kwenyewe, siku ile niliapa sirudi. Na gereji ile nilitaka niwaambie wote msiikanyage. Halafu nikakumbuka ndiyo iliyonitengenezea gia boksi miaka kadhaa nyuma na haijaleta shida, na niliporudi yule fundi aliniita, "Njoo kaka, nikubadilishie bure." Nikaanza kulegea.

Lakini hapana. Gari hilohilo la sokoni ndilo ninalompandisha mama Newala kwa ndugu zake, na kurudi ni ule mteremko wa kushuka uwanda wa Makonde, malori mbele na nyuma. Na mafuta yaleyale meusi! Hakuomba hata radhi. Anadhani shida yangu ni kubadilishiwa bure. Msimpelekee kazi ya breki. Gia boksi mtaamua wenyewe.

Na Kyalami nimebadili kauli, nitarudi korosho zikikaa sawa. Jumapili iliyopita mpwa wangu alikaa ndani akawa anakanyaga, mimi chini ya gari nafungua nipo moja baada ya nyingine, tairi nne zote, mpaka mafuta yakatoka maangavu.